Joya de Cerén: Kijiji Kilichokimbia Bila Kuosha Vyombo

Ukitaja Wamaya, watu wengi wa rika letu wanakumbuka mambo mawili. La kwanza ni ile 21 Desemba 2012, siku tuliyoambiwa kalenda yao imefika mwisho na dunia nayo inafunga duka. La pili ni filamu ya Apocalypto ya mwaka 2006, watu wanachinjwa juu ya piramidi na damu inashuka ngazi kwa ngazi. Waliosoma zaidi kidogo watakutajia Tikal kule Guatemala au Chichén Itzá ya Mexico, na watakuonyesha picha walizoziona: mahekalu marefu, wafalme wenye manyoya kichwani, mawe yaliyochongwa. Vyote hivyo ni vya kweli. Ila ni sawa na mtu kuijua Uingereza kwa Buckingham Palace peke yake. Mkulima alilala wapi? Mke wake alipika nini? Na wakigombana, nani alitoka nje kupunga upepo?

Kwa hiyo mpenzi msomaji, mwezi huu hatuendi kwenye piramidi. Tunakwenda El Salvador, nchi ndogo kuliko zote za bara la Amerika ya Kati, kwenye bonde la Zapotitán, kilomita 36 hivi kaskazini magharibi ya jiji la San Salvador. Mahali penyewe panaitwa Joya de Cerén. Eneo lililohifadhiwa lina hekta 3.2 tu, yaani mnaweza kulizunguka lote kwa mguu, na muda wa kubishana njiani ukawepo. Hakuna hekalu la kupandia. Utakachokiona ni nyumba za udongo zilizoko chini ya mashimo marefu, juu yake mapaa ya mabati. Nikuambie ukweli, ukifika dakika tano za kwanza unaweza kuuliza, ndiyo hii tuliyopandia ndege mbili? Subiri kidogo.

Kuta za nyumba hizi ni fito zilizokandikwa udongo. Mtu yeyote aliyekwenda kwa bibi kijijini anaijua nyumba hiyo kabla hajaambiwa. Paa lilikuwa la nyasi. Jikoni kulikuwa kibanda cha peke yake, cha mviringo, na ndani yake mafiga matatu. Nimesema mafiga, na namaanisha mafiga: mawe matatu, chungu juu yake, kuni katikati. Tulisimama pale kwenye kingo mimi na mume wangu tukatazama chini bila kusema kitu, mpaka yeye akavunja ukimya. "Hii si ya kwa mama kule Korogwe?" Nikamwambia ya mama ina bati sasa.

Jioni moja ya mwezi wa Agosti

Kilichotokea hapa kinajulikana karibu saa kwa saa, na hilo ndilo linalopafanya pawe tofauti na magofu mengine. Ilikuwa karibu mwaka 600 baada ya Kristo. Vipimo vya baadaye vya kaboni vinausogeza mwaka huo mbele hadi kwenye 660 hivi, na wataalamu bado wanaugusa gusa. Kijiji kilikuwa na watu wanaokadiriwa kufika 200. Jirani kabisa, mita 600 tu upande wa kaskazini, ardhi ilipasuka mahali panapoitwa sasa Loma Caldera. Uji wa volkano uliokuwa unapanda ulikutana na maji ya mto, na kila vilipogusana mvuke ulilipuka kama sufuria la presha lililofunguliwa kifuniko kabla ya wakati.

Jivu la kwanza lilikuwa laini, lenye unyevu na joto la wastani. Lilijisindika kila pembe: ndani ya vyungu, kuzunguka mashina ya mahindi, chini ya vitanda vya udongo. Halafu likaja jingine la moto mkali, pamoja na mawe yaliyowaka yaliyoanguka juu ya mapaa na kuyachoma nyasi. Halafu tena laini, halafu tena la moto. Wataalamu wamehesabu tabaka 14. Mwisho wake kijiji kilikuwa chini ya mita 4 hadi 8 za jivu, kimefungwa kama pilau ndani ya jani la mgomba.

Sasa watu walijuaje kwamba ilikuwa jioni? Hapo ndipo unapowavulia kofia wanaakiolojia. Bakuli za chakula zilikutwa chafu, na ndani yake alama za vidole, mtu alivyokuwa akikomba mabaki ya uji mzito. Kwa maana hiyo wameshakula. Lakini mikeka ya kulalia bado ilikuwa imekunjwa na kuwekwa juu kwenye dari, kwa hiyo hawajalala. Zana za shamba zilishasharudishwa nyumbani. Na mwezi? Mahindi shambani yalikuwa yamekomaa na mashina yake yamevunjwa katikati ili magunzi yaelekee chini yakauke, kazi ambayo wakulima wa sehemu ile mpaka leo wanaifanya mwezi wa Agosti.

Nilimsimulia haya mume wangu kwa hamasa zote, naye akachukua moja tu. "Unaona, mke wangu? Hata Wamaya walikuwa wanaacha vyombo mpaka asubuhi."

"Wao walikuwa na volkano, baba. Wewe una nini?"

Mtembezaji wetu hakujua Kiswahili lakini alicheka. Nadhani hiyo ni kesi anayoisikia kwa kila lugha.

Katapila la mwaka 1976

Kijiji kililala miaka zaidi ya 1,300 bila mtu kukigusa. Mwaka 1976 dereva wa katapila alikuwa anasawazisha ardhi kwa ajili ya maghala ya nafaka ya serikali, blade likakata sakafu ya nyumba na ukuta. Mtu alikuja kutoka makumbusho kuangalia. Akaona nyasi za paa bado ni nyasi, udongo bado ni udongo, akaamua kwamba hii ni nyumba ya juzi juzi, wala haina thamani. Kazi ikaendelea, na nyumba kadhaa zikaenda na katapila. Usimcheke sana. Kitu kilichohifadhika vizuri namna ile hakikuwa kimewahi kuonekana katika nchi ya mvua na joto kama ile, na akili ya kawaida ingesema hivyo hivyo.

Miaka miwili baadaye, 1978, mwanaakiolojia wa Kimarekani Payson Sheets wa Chuo Kikuu cha Colorado alikuwa anapita bondeni akifanya sensa ya maeneo ya kale. Wenyeji wakamwambia kuhusu nyumba zilizokatwa na katapila. Akaenda, akaanza kuchimba taratibu, naye pia akitegemea kukutana na kipande cha plastiki au gazeti la juzi. Badala yake akatoa vyombo vya udongo vya zama za Wamaya wa kale. Bado hakuamini. Alichukua nyasi za paa zikapimwa umri maabara, na majibu yakarudi: karne ya 6 au ya 7.

Halafu vita. El Salvador iliingia kwenye vita ya wenyewe kwa wenyewe mwaka 1980 na mkataba wa amani ukatiwa saini Januari 1992. Uchimbaji ulisimama kwa miaka mingi, ukaanza tena kwa nguvu mwaka 1989 wakati risasi bado zinasikika. Mwaka 1993 UNESCO ikaiweka Joya de Cerén kwenye orodha ya Urithi wa Dunia, na mpaka naandika haya ndiyo sehemu pekee ya El Salvador iliyoko kwenye orodha hiyo. Fikiria nchi inayotoka vitani, na kitu chake cha kwanza kujivunia mbele ya dunia ni jiko la mkulima.

Nyumba tatu, ndoa moja

Kwa sisi tunaohangaika na chumba na sebule Sinza, mpangilio wa makazi ya Cerén unatamanisha. Kila kaya ilikuwa na majengo matatu ya kutenganishwa: nyumba ya kulala, jiko, na stoo. Ndani ya nyumba ya kulala kulikuwa na jukwaa la udongo lililoinuliwa, ndiyo kitanda. Kila familia ilikuwa na vyombo vya udongo 70 hivi, na si vyote vya kupikia. Vingine vilinakshiwa rangi na kuletwa kutoka mbali. Visu vyao vilikuwa vya obsidiani, lile jiwe jeusi la volkano linalometa kama kioo na kukata kuliko wembe. Vilikutwa vimechomekwa juu kwenye nyasi za paa. Kwa nini juu? Mama yeyote mwenye mtoto wa miaka miwili anajibu swali hilo kabla halijaisha.

Kwenye stoo ya kaya ya kwanza walimkuta bata. Alikuwa amefungwa kamba mguuni. Watu waliondoka, yeye hakuweza. Kwenye mapaa walikuta mifupa ya panya. Nimesoma mambo mengi kuhusu Wamaya, wafalme wao na vita vyao, lakini ni yule bata aliyenifanya nione kwamba hapa watu walikuwa wanaishi.

Chakula sasa. Mahindi, maharage, maboga, pilipili iliyoning'inizwa mishipi kwa mishipi jikoni, kakao, mapera. Mkonge pia, aina ya ndugu yake na huu wa Tanga, ambao wenyewe asili yake ni Mexico na uliletwa kwetu mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf. Kaya moja ya Cerén ilikuwa na bustani ya mkonge wa kutosha kusokotea kamba majirani wote.

Mwaka 2007 ndipo ilipokuja habari iliyowashtua wataalamu: shamba la muhogo. Sio mche mmoja wa uani, bali matuta makubwa yaliyopangwa kwa mistari, nje ya kijiji upande wa kusini. Kabla ya hapo watu walibishana miaka na miaka kama Wamaya walilima muhogo kweli, maana mizizi haiachi ushahidi kama gunzi la hindi. Ushahidi wa Cerén ulipatikana kwa njia ya ajabu. Mmea ukizikwa na jivu unaoza, lakini tundu lake linabaki. Wachimbaji wakikutana na tundu wanamimina plasta nyeupe kama ile ya madaktari wa meno, wanaisubiri igande, wanaondoa jivu, na hapo mbele yako kuna muhogo wa mwaka 600, na umbo lake lote. Ilionekana kwamba walikuwa wamevuna karibuni tu, na vipande vya shina vya msimu unaofuata vilikuwa vimeshalazwa ndani ya tuta kwa namna ile ile anayoifanya mkulima wa Mtwara.

Na sisi, mihogo ya Coco Beach tunayokula Jumapili jioni na pilipili na ndimu, asili yake ni huko. Wareno ndio walioivusha bahari kuleta Afrika kuanzia karne ya 16, mahindi nayo hivyo hivyo. Ukisimama juu ya shamba lile unaona jinsi meza yako ilivyopangwa na watu usiowajua.

Nilivutiwa zaidi na jinsi kaya zilivyogawana huduma. Kaya ya kwanza ilikuwa jirani na nyumba ya sherehe. Humo walikuta fuvu la paa lililopakwa rangi nyekundu, la kuvaa kichwani wakati wa ngoma za mavuno, na kaya hiyo ilikuwa na mawe mengi ya kusagia kuliko mahitaji ya familia moja, kwa hiyo wao ndio waliowapikia wageni. Kaya ya pili ilikuwa jirani na nyumba ya kujifukiza, tuseme sauna, yenye paa la udongo la kuba na nafasi ya kuketi watu kama kumi na mbili wakibanana. Inaelekea wao ndio walioitunza. Kaya nyingine ndiyo ile ya kamba za mkonge. Na kulikuwa na jengo moja dogo lenye madirisha ya wavu wa fito, ambamo kwa vitu vilivyokutwa wataalamu wanaamini alifanyia kazi mganga au mtabiri, na inaelekea alikuwa mwanamke. Watu walimwachia vitu kama malipo.

Kubwa kuliko yote lilikuwa jengo la mikutano, lenye mabenchi mawili ya udongo karibu na mlango na mtungi mkubwa ambao huenda ulikuwa wa kinywaji. Wazee wanakaa, kesi inasikilizwa, mtungi unazunguka. Sheets mwenyewe anaamini watu hawa walijiamulia mambo yao mengi bila kusubiri amri ya bwana mkubwa kutoka mji wa San Andrés, ambao uko kilomita 5 hivi tu. Kuna wanaohoji kama hata walizungumza lugha ya Kimaya, kwa sababu hapa ni pembeni kabisa mwa nchi ya Wamaya. Kwenye vyungu na majengo, lakini, ujirani huo unaonekana wazi.

Waliokolewa na nini?

Ukiwa Pompeii kule Italia, mji uliofukiwa na Vesuvius mwaka 79, unaona miili. Watu wamekumbatiana, mbwa amejikunja. Cerén inaitwa Pompeii ya Amerika, na jina hilo linanikera kidogo, kwa sababu katika nyumba zilizochimbwa na wataalamu hawajakuta mwili hata mmoja wa mtu aliyeuawa na mlipuko. Kelele za mvuke na mtikisiko wa ardhi huenda viliwapa dakika chache, nao wakazitumia.

Kwa muda mrefu swali lilikuwa, walikwenda wapi? Mwaka 2011 ikapatikana barabara. Wamaya waliziita barabara zao nyeupe, sacbe, na nyingi zinazojulikana zilipangwa mawe. Hii ya Cerén ni ya udongo mtupu, upana wake mita 2 hivi, imeinuliwa kidogo kutoka ardhini, na juu yake jivu jeupe limeshindiliwa. Jivu hilo lenyewe ni la mlipuko wa awali, ule mkubwa wa Ilopango, ambao utafiti uliotolewa mwaka 2020 umeuweka kwenye mwaka 431. Maana yake watu hawa walikuwa wamejenga kijiji juu ya msiba wa watu wengine waliotangulia, wakautumia kama malighafi ya barabara.

Juu ya barabara hiyo kuna nyayo. Udongo ulikuwa laini, watu wakapita, jivu likafunika. Nyingi zinaelekea kusini, yaani kuipa volkano kisogo. Hatujui kama waliokoka. Mlipuko wenyewe ulikuwa mdogo kwa eneo, haukufunika zaidi ya kilomita chache, kwa hiyo mwenye miguu mizuri alikuwa na nafasi. Nilijikuta nawatafutia mke na mume kwenye zile nyayo, huyu kabeba mtoto, yule karudi nyuma kuchukua kitu halafu akaitwa kwa sauti ya hasira aache. Hilo ni la kwangu, halimo kwenye ripoti yoyote.

Kinachokiua kijiji sasa

Hapa ndipo penye mgogoro wenyewe, na ndiyo sababu nikataka uende mapema na sio siku moja ukistaafu.

Jivu lililokiua kijiji ndilo lililokitunza. Kwa karne 13 nyumba zilikaa gizani kwenye unyevu usiobadilika, bila upepo wala jua. Siku unapolitoa lile jivu, saa inaanza kuhesabu. Udongo unanyonya maji kutoka chini kama sifongo, maji yanapanda ukutani, yanakauka juu, na chumvi iliyokuwa ndani yake inabaki na kuufumua ukuta kwa nje vipande vipande. Msimu wa mvua kuvu na ukungu vinaota. Msimu wa kiangazi nyufa zinafunguka. Nyigu wanatoboa, panya wanachimba, mizizi inaingia. Hata kuta za shimo lenyewe, mita kadhaa za jivu lililosimama wima, zinaweza kuporomoka na kuziangukia nyumba walizokuwa wakizilinda. Na nchi yenyewe ni ya matetemeko: yale ya 13 Januari na 13 Februari 2001 yaliua zaidi ya watu 1,000 El Salvador, na nyumba nyingi za matofali mabichi, ujenzi wa Wahispania, zilianguka. Nyumba za fito za Cerén zilijengwa ziyumbe bila kuvunjika. Mafundi wa kijiji cha watu 200 waliijua ardhi yao.

Mabati yale niliyoyadharau mwanzoni, basi, ndiyo uhai wa mahali. Bila hayo, mvua za miaka michache tu zingerudisha nyumba zote kuwa tope. Lakini nayo yana shida zake. Yanazuia mvua ya juu, hayazuii unyevu wa chini wala joto linalojikusanya ndani. Kazi ya kupima joto na unyevu, kuandika kila ufa na kufuatilia kila doa la kuvu imefanywa kwa miaka, na taasisi ya uhifadhi ya Getty ya Marekani ilishirikiana na mamlaka ya utamaduni ya El Salvador kuandaa mpango wa usimamizi uliotolewa mwaka 2002. Ni kazi isiyo na picha nzuri. Hakuna anayekata utepe kwa sababu ukuta haukuanguka mwaka huu.

Sasa swali. Yametambuliwa majengo 18, na yaliyochimbwa yote au nusu ni 10. Mengine yamelala. Rada za kupenya ardhini zinaonyesha vivuli vyake bila kuchimba. Unachimba au huchimbi? Ukichimba unapata jiko jingine, pengine shamba jingine, pengine jibu la walikokwenda, na unapata watalii zaidi, na nchi hii inahitaji dola za watalii. Ila kila nyumba unayoifungua unaihukumu kuanza kuzeeka siku hiyo hiyo. Usipochimba, inabaki salama, na hakuna atakayeiona.

Tulibishana kuhusu hili njia nzima kurudi mjini. Mume wangu, mhandisi, anasema chimba, pima kila kitu, piga picha, kisha ikibidi funika tena kwa mchanga. Na kweli kufukia tena ni njia inayotumika duniani kwa majengo ya udongo. Mimi nasema waache zilale. Wajukuu watakuja na vyombo ambavyo sisi hatujavifikiria, kama vile mwaka 1976 hakuna aliyefikiria kumimina plasta kwenye tundu la muhogo. Alinijibu kwamba wajukuu hao wanaweza wasiwe na hela wala hamu. Nikanyamaza, maana hoja hiyo ina mashiko. Sijabadilisha msimamo, lakini.

Mkitaka kwenda

Hakuna ndege ya moja kwa moja kutoka Dar, Nairobi wala Entebbe. Utapita Ulaya au Marekani, na kama ni Marekani kumbuka utahitaji viza yao hata kwa kupita tu, hivyo fanya hesabu hiyo mapema. Tofauti ya saa ni tisa: mkiamka huku, huko watu ndio kwanza wanaingia kulala. Fedha ni dola ya Marekani tangu 2001, kwa hiyo hakuna usumbufu wa kubadilisha. Lugha ni Kihispania, na wachache wa mitaani wanajua Kiingereza. Jifunzeni japo salamu.

Miezi mizuri ni Novemba hadi Aprili, kiangazi. Ukienda Agosti utanyeshewa, ingawa utakuwa pale mwezi ule ule. Kutoka San Salvador kuna mabasi yanayoelekea San Juan Opico yanayopita karibu na lango, bei chee, muziki juu. Taksi ya siku nzima inafaa zaidi mkitaka kuunganisha na San Andrés, ambako kuna piramidi kwa ajili ya yule kati yenu asiyeridhika bila piramidi, pamoja na karakana ya zamani ya rangi ya nili iliyofukiwa na volkano nyingine mwaka 1658. Nchi hii, bwana. Jumatatu panafungwa, kwa hiyo panga siku nyingine na uulize saa kabla hujatoka hotelini.

Anzeni na makumbusho madogo ya pale pale, ndipo mshuke kwenye mashimo. Mfano wa ile nyumba ya kujifukiza umejengwa ili wageni waingie. Mlango wake ni mdogo, unaingia kwa magoti, na ndani mkikaa wawili kimya mnasikia pumzi zenu wenyewe. Jaribu kuimba kwa sauti nzito uone inavyozunguka.

Mkitoka mtakuwa na njaa. Pupusa zipo kila kona, chapati nene za mahindi zilizojazwa jibini au maharage, na kachumbari ya kabichi pembeni. Lakini ulizia yuca frita. Ni muhogo wa kukaanga. Huletwa na vipande vya nguruwe juu, asiyekula nguruwe aseme mapema wamwekee kabichi tupu. Tulikula sahani mbili na mume wangu akatafuta pilipili ya kutosha kumtoa jasho, hakuipata. Beba yako.